Jemadari chini ya chandarua

Mama Neema mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mvua zimeanza. Jumapili uliposema hujawahi kulisikia jina la Holoferne nilishangaa, kumbe Biblia yako ya Union haina kitabu cha Yudithi. Sisi Wakatoliki tunacho. Basi nikusimulie.

Holoferne ni jemadari mkuu wa Nebukadneza, ambaye kitabu kinamwita mfalme wa Waashuru. Anatoka na askari wa miguu 120,000 na wapanda farasi 12,000, anachoma ngano shambani wakati wa mavuno, anabomoa mahali pa ibada ili watu wamwabudu mfalme wake peke yake. Akifika Betulia, mji wa Waisraeli, hapigani. Anateka chemchemi. Siku 34 mji unakaa hivyo, matangi yanakauka, watu wanaanguka njiani kwa kiu. Wewe na mimi tuliobeba ndoo kichwani tangu utotoni hatuhitaji kuelezwa ukatili huo.

Ndipo anatokea Yudithi, mjane, amejipamba, anaingia kambini. Anamkuta jemadari amepumzika ndani ya chandarua. Ndiyo, chandarua! Neno la Kigiriki lililoandikwa pale limetokana na mbu. Cha zambarau, kimefumwa kwa dhahabu na zumaridi. Siku ya nne Holoferne anamwalika karamuni, analewa chakari, na Yudithi anamkata shingo kwa upanga wake mwenyewe, mapigo mawili. Akaondoka na kichwa, na chandarua pia.

Wachoraji wa Ulaya wamemchora mno mtu huyu. Caravaggio, karibu mwaka 1599, alimtundikia pazia jekundu, kisha akamwamsha: macho yamemtoka, kinywa wazi. Lakini Yudithi wake amejivuta nyuma, mikono ameinyoosha kama anayekwepa damu, na mjakazi ni bibi kizee anayesubiri tu na kitambaa. Nimeitazama mara nyingi na bado haijaniingia moyoni. Yule mwanamume karibu nimwonee huruma.

Sasa Artemisia Gentileschi, mchoraji, binti wa Roma aliyezaliwa 1593. Tukio hili la kukata shingo alilichora mara mbili. Picha moja iko Napoli, ya pili iko katika makumbusho ya Uffizi, Florence. Kitabu kinasema mjakazi aliambiwa asimame nje. Artemisia amemwingiza ndani! Ni kijana, ana nguvu, amemkandamiza Holoferne kwa uzito wake wote, na ngumi ya jemadari imepanda hadi karibu na kidevu cha mjakazi. Yudithi amekunja mikono ya gauni, ameshika nywele kwa mkono mmoja, upanga kwa mwingine. Holoferne huyu bado ni jemadari. Anapigana.

Wengi husema Artemisia alikuwa akimlipiza Agostino Tassi, mchoraji aliyembaka 1611, kesi ikasikilizwa mwaka uliofuata. Huenda uchungu ule umo. Ila inaniuma wakiishia hapo, kama kwamba hakuwa fundi. Mkumbuke yule beberu wa Krismasi nyumbani: mmoja amekaba miguu, mwingine ana kisu. Dume lenye nguvu halichinjwi na mtu mmoja. Artemisia alilijua hilo, na ndiyo maana ninamwamini.

Nimekuwekea picha ya Uffizi humu ndani ya bahasha, niliikata kwenye kalenda. Mtazame mjakazi kwanza, kisha ile ngumi. Uniandikie ulichokiona.

Dada yako akupendaye