Barua kwa Mjomba kuhusu mji uliozaa neno "dola"

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, utanisamehe kwamba jibu lako nalitoa hadharani, kwani naamini wapo wengine wenye swali kama lako. Siku ile barazani ulikuwa ukiigeuzageuza ile riale ya marehemu Bibi, yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780, ukaniuliza Wazungu walilipata wapi neno "dola". Nilikujibu kwa kubahatisha, na nilikosea. Sasa nimefika mahali penyewe.

Mji unaitwa Jáchymov. Uko magharibi ya Ucheki, katika milima ya Krušné hory, karibu na mpaka wa Ujerumani. Nilipanda basi kutoka Karlovy Vary nikashuka kwenye bonde jembamba lenye barabara moja kubwa inayopanda mlima, na nyumba za mawe zilizojipanga kandokando yake, baadhi zikiwa tupu. Wakazi wake leo hawafiki 3,000. Ni vigumu kuamini kwamba katika miaka ya 1530 walikaribia 18,000, na kwamba katika ufalme wote wa Bohemia, kama ulivyoitwa wakati huo, ni Praha peke yake iliyoupita kwa watu.

Kilichowaleta ni fedha, na hapa Kiswahili kinanirahisishia kazi, maana kwetu madini hayo na pesa ni neno moja. Mji uliasisiwa mwaka 1516 na bwana Stephan Schlick, mwenye ardhi ile, naye akaupa jina la Mtakatifu Yoakimu. Wachimbaji waliozungumza Kijerumani wakauita Joachimsthal, yaani bonde la Yoakimu. Sarafu nzito za fedha zilizofuliwa hapo kuanzia mwaka 1520 ziliitwa Joachimsthaler. Watu wakachoka na urefu wa jina, wakabakiza "thaler", na neno hilo likapita kwa Waholanzi na Waingereza hadi likawa dola. Usilichanganye na ile dola yetu ya Kiarabu yenye maana ya serikali, ingawa hapa mbili hizo zilikutana mapema: Schlick alipotea katika vita vya Mohács, huko Hungaria, mwaka 1526, na miaka miwili baadaye mfalme Ferdinand wa Bohemia akaichukua karakana ya sarafu kutoka kwa ukoo wake. Riale ya Bibi, basi, ni mjukuu wa sarafu hizo.

Wakati huohuo mganga wa mji alikuwa Georgius Agricola, aliyewatibu wachimbaji na kuwahoji juu ya kazi yao. Kitabu chake kikubwa juu ya uchimbaji madini kilitoka mwaka 1556, yeye akiwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia.

Lakini kilichonishughulisha zaidi, Mjomba, ni takataka za mji huu. Wachimbaji walipokuwa wakifuata mkanda wa fedha, mara nyingi walikutana na jiwe jeusi, zito, lisilo na faida kwao, wakalitupa. Kwa Kijerumani likaitwa kwa neno "Pech", ambalo maana yake ni lami, na pia mkosi. Katika karne ya 19 ikaonekana kwamba urani, metali iliyomo ndani yake, inatia rangi nzuri za njano na kijani katika vioo, na mabaki ya kiwanda cha rangi hizo nayo yakamwagwa msituni. Ni mabaki hayo ambayo mwanasayansi Marie Curie na mumewe Pierre waliyaomba kutoka serikali ya Austria, iliyoitawala nchi hii wakati huo. Baada ya kuchemsha na kuchuja tani kadhaa, mwaka 1902 walibaki na sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu, metali adimu inayotoa mionzi mikali. Kwa miaka kadhaa mwanzoni mwa karne ya 20 Jáchymov ndiyo iliyokuwa chimbuko kuu la radiamu duniani; katika miaka ya 1920 madini ya Shinkolobwe, kule Katanga nchini Kongo, nayo yakaingia sokoni.

Yaliyofuata baada ya vita vya pili sipendi kuyapitia haraka. Wakazi wa Kijerumani walifukuzwa, urani ikaelekezwa Umoja wa Kisovyeti, na wafungwa wa kisiasa wa utawala wa kikomunisti wakashushwa migodini. Miongoni mwao alikuwa Bohumil Modrý, golikipa mashuhuri wa mpira wa magongo wa barafuni, aliyekamatwa mwaka 1950 pamoja na wachezaji wenzake wa timu ya taifa ya Chekoslovakia. Aliachiliwa mwaka 1955 akiwa na afya iliyoharibika, akafariki mwaka 1963. Mwaka uliofuata uchimbaji wa urani ulikoma.

Mgodi mmoja, Svornost, bado unafanya kazi, ila kinachotolewa humo sasa ni maji yenye radoni, gesi inayotoa mionzi, yanayopelekwa kwenye mabafu ya tiba ambako wazee wenye maumivu ya viungo hulipa ili kulowekwa ndani yake. Najua utaniuliza kama na mimi niliingia. Sikuingia.

Nikija likizo, inshallah, niwekee ile riale karibu.

Mpwa wako