Mdhamini nisiyeweza kumdai

Langoni, Lamu
Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Huku twashukuru, ila mama miguu yamsumbua, ngazi hazipandi tena. Ndipo nikaamua kuvipangisha vile vyumba viwili vya juu, shilingi 9,000 kwa mwezi. Ningekupigia simu tungeanza habari za maharusi na lililonileta likasahaulika.

Amekuja binti mmoja, muuguzi, miaka 24. Aliulizia maji kabla ya kutazama chumba, nikampenda hapo hapo. Dipoziti ya mwezi mmoja anayo, lakini kazi ndiyo kwanza ameianza, mshahara hajaupata. Akasema ana mdhamini. Juzi baada ya alasiri mdhamini akaja mwenyewe: mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, aliyesomesha nusu ya mtaa huu, mimi nikiwamo. Kanzu imenyooka, bakora mkononi. Akaketi dakani, nikamtilia kahawa, akasema, "Mwanangu, huyu nasimama naye mimi. Neno langu latosha."

Yule mpangaji aliyetoroka na deni la miezi minne wamkumbuka? Mdhamini wake alikuwa binamu yangu, kwa mdomo tu. Wakili akaniambia Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, haikupi kumshtaki mtu kwa ahadi ya kulipa deni la mwenziwe ila iwe imeandikwa naye ametia sahihi. Basi nikabaki kumdai kwa macho harusini, mwenzangu ala biriani.

Kwa mwalimu karatasi si tatizo, atatia sahihi bila hata kuisoma. Hilo ndilo linalonitisha. Binti akikwama, mimi nitampelekea mwalimu wangu barua ya wakili? Naye alishwa na wanawe. Nitakuwa nimepata heshima yake tu, na heshima hailipi kodi.

Nikamuuliza binti kama hana mwingine. Yuko kakake, ana boti ya abiria ya Mokowe. Mtaani wamwita mkorofi, na kweli ana mdomo. Lakini kutwa yuko gatini, na pesa yaingia kila siku. Nikamsomea karatasi: mwisho wa dhamana yake ni kodi ya miezi mitatu, 27,000, kodi ikichelewa siku kumi nimjulishe, asije akashtukizwa na deni lililokwisha kunona, nikipandisha kodi au tukiongeza mwaka, atie sahihi upya, kwani ukibadili mkataba kwa siri mdhamini aweza kujitoa. Akauliza, "Na akiondoka zake, nalipa mimi?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole, mara mbili, kisha akauliza kama 27,000 hiyo aweza kuilipa kidogo kidogo. Mwalimu hakuniuliza hata kodi ni kiasi gani! Nimemtaka huyu wa boti.

Limebaki la mwalimu. Nimekumbuka ile aya ya deni, Baqara 282, aliyotuhifadhisha yeye mwenyewe: deni liandikwe, na pawe na mashahidi. Nataka nimwombe awe shahidi, sahihi yake ikae chini ya ya kijana. Lakini je, nimwendee mwenyewe au nimtume mama, ambaye hawezi kumkatalia? Nijibu kabla ya Ijumaa, binti ataka kuhamia.

Wasalimie watoto.

Wako,
Mwanaisha