Barua ya wazi kwa Waziri wa Mipango Miji: pima njia kabla ya kuchora duara

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Najua mezani kwako mafaili hayapungui, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye lililonifanya nishike kalamu. Katika mjadala huu wa miji ambayo mtu anapata shule, zahanati, duka na bustani kwa mwendo wa dakika 15 kwa miguu, pande mbili zimeshikana mashati, na zote mbili zimeinamia ramani. Wanaounga mkono wanachora duara kuzunguka makazi na kutangaza kwamba huduma zimo ndani. Wanaopinga wanalitazama duara lile lile na kuona uzio. Ombi langu ni moja. Kabla wizara yako haijapitisha mpango wowote wenye maneno "karibu na makazi", iagize ukaribu huo upimwe kwa njia inayopitika, kuanzia mlangoni, kwa mwendo wa yule anayetembea polepole kuliko wote nyumbani.

Nianze na hesabu, maana hapo ndipo tunapodanganyana bila kukusudia. Mtu mzima mwenye afya hutembea kilomita 4 hadi 5 kwa saa, kwa hiyo robo saa humfikisha kama kilomita 1.2 kutoka nyumbani. Mchoraji akishika bikari, akaweka ncha kwenye zahanati na kuzungusha duara lenye nusu kipenyo cha kilomita hizo, atasema wote waliomo wanafikiwa. Lakini hakuna anayetembea juu ya mapaa. Hata mitaa ingekuwa imenyooka kama daftari la hesabu lenye miraba, ambapo unakwenda mbele kisha unakata kona, eneo unaloweza kulifikia kwa mita zile zile 1,200 ni kama asilimia 64 tu ya duara. Sasa mtoe kijana, mweke bibi anayekwenda sentimita 80 kwa sekunde. Robo saa inampa mita 720. Kwa sababu ya mwendo wake peke yake, eneo lake linashuka hadi asilimia 36 ya lile la kijana, na ukizidisha kwa ile 64, anabaki na chini ya robo ya duara ulilooneshwa kikaoni. Na hapo sijataja ukuta, mtaro wala geti lililofungwa.

Mama yangu mzazi anaiona zahanati kutoka dirishani kwake. Anaweza kukwambia mlango wake umefunguliwa saa ngapi. Katikati yao kuna barabara ya njia nne, na katikati ya barabara kuna ukuta wa zege unaomfika kifuani. Kivuko kipo: ni daraja la juu, lenye ngazi za chuma zisizo na mteremko wa kiti cha magurudumu, na ngazi zenyewe zinamtaka apumzike mara mbili akishika reli kabla hajafika juu. Kwenye ramani ya mipango zahanati hiyo iko karibu naye, tena karibu sana. Yeye huenda kwa gari la kukodi, au haendi. Daraja la aina ile tunaliita la waenda kwa miguu, ilhali anayenufaika nalo kwanza ni dereva, kwa kuwa yeye ndiye hapunguzi mwendo. Vijana nao hawalipandi. Wanaruka ukuta na kuvuka mbio, kisha tukiwazika tunasema walikuwa wazembe.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani, na zaidi ya mmoja katika kila watano walikuwa wanatembea kwa miguu. Ukiweka shule ng'ambo ya barabara kuu na kuiandika kuwa iko karibu, unamwelekeza mtoto kwenye takwimu hiyo kila asubuhi. Jambo hili si geni kwa wapangaji. Clarence Perry wa Marekani, katika mpango wake wa mtaa wa makazi uliochapishwa mwaka 1929, aliiweka shule katikati na kuzisukuma barabara kuu pembeni, ili mtoto asilazimike kuzivuka. Perry ana makosa yake, na mitaa ya namna yake ilitumika kuwatenga watu, lakini swali la kwanza alilouliza lilikuwa sahihi: mtoto anapita wapi?

Niseme sasa kuhusu kelele zinazozunguka mjadala huu. Wazo la mji wa dakika 15 lilitolewa na Carlos Moreno, profesa wa Chuo Kikuu cha Paris 1 Panthéon-Sorbonne, mwaka 2016. Anne Hidalgo, aliyekuwa meya wa Paris wakati huo, alilibeba kwenye kampeni yake ya mwaka 2020. Shanghai ilikuwa na mwongozo wake wa mitaa ya dakika 15 mwaka 2016, na Melbourne ilichagua dakika 20. Kwa miaka kadhaa lilikuwa jambo la wataalamu na wala halikumkosesha mtu usingizi. Kisha likafika Oxford, Uingereza.

Kule, mwaka 2022, mambo mawili ya mamlaka mbili tofauti yaligongana machoni pa watu. Halmashauri ya jiji ilikuwa na rasimu ya mpango wa kusogeza huduma karibu na makazi. Halmashauri ya kaunti nayo ilikuwa na mpango wa kupunguza foleni kwa kamera katika barabara chache: gari binafsi likipita bila kibali saa zilizozuiwa, faini, na wakazi wangepewa vibali vya siku 100 kwa mwaka. Watu wakaunganisha nukta. Uvumi ukaenea kwamba wananchi watafungiwa mitaani mwao na kuhitaji ruhusa ya kutoka. Februari 2023 kukawa na maandamano makubwa, na mwezi huo huo mbunge mmoja akalaani wazo lenyewe ndani ya Bunge la Uingereza. Ilhali hakuna aliyekuwa anazuiwa kwenda popote. Gari lingeweza kufika kila sehemu ya jiji kwa kuzungukia barabara ya nje.

Ni rahisi kuwacheka waandamanaji wale, na wengi wamewacheka. Mimi nadhani walitoa somo ambalo wizara yako ingelipokea kwa unyenyekevu. Walikuwa wametoka juzi tu kwenye marufuku za Uviko, na kitu cha kwanza walichokiona chenye harufu ya mpango mpya kilikuwa kamera na faini. Zahanati mpya hawajaiona. Kivuko kipya hawajakiona. Serikali ikileta katazo kabla ya huduma, mwananchi atasoma katazo, na huwezi kumlaumu. Kwa hiyo utaratibu una uzito hapa, Mheshimiwa: kijengwe kivuko, ifunguliwe njia, zipandwe kando yake miti ya kivuli, duka liruhusiwe kuingia mtaani, na baada ya hapo ndipo mtu azungumzie kupunguza magari. Wengi watakuwa wameshayapunguza wenyewe.

Kuna wapinzani wengine ambao hawaandamani, nao wana hoja nzito zaidi. Mwanauchumi Edward Glaeser wa Harvard alionya mwaka 2021 kwamba mji uliokatwakatwa vipande vya dakika 15 hukoma kuwa mji. Thamani ya mji mkubwa iko katika kumwezesha maskini kufika kwenye kazi na watu ambao hawapo mtaani kwake. Na kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliofuatilia mienendo ya simu za watu nchini Marekani: mkazi wa kawaida wa mjini hufanya asilimia 14 tu ya safari zake za kupata huduma za kila siku ndani ya robo saa ya kutembea. Watafiti walikuta pia kwamba pale huduma zilipo karibu watu hutembea zaidi, lakini wenye kipato kidogo wanaobaki karibu na nyumbani hukutana zaidi na wenye kipato kama chao.

Sioni namna ya kulikwepa hilo, na sitaki ulikwepe. Hospitali ya rufaa haiwezi kuwekwa kila mtaa, wala chuo, wala kazi. Hata duka la dawa linahitaji wateja wa kutosha kulipa kodi ya pango. Ukitawanya nyumba moja moja kwenye viwanja vikubwa, hakuna agizo la waziri litakalolifanya duka hilo lisifilisike. Ndiyo maana kituo cha basi lazima kihesabiwe miongoni mwa huduma za karibu, tena mbele ya bustani. Mtaa wenye kila kitu kasoro basi la kutokea ni gereza zuri, na hapo wale wa Oxford wangekuwa wamesema kweli.

Kwa nini basi vitu vikawa mbali? Havikuhama vyenyewe. Mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kijiji cha Euclid huko Ohio, ilihalalisha kugawa ardhi kwa matumizi, hapa nyumba tu, pale biashara, kule viwanda. Mwaka 1933 wasanifu wa CIAM, kongamano la kimataifa la usanifu wa kisasa, nao walitaka mji utenganishe kuishi, kufanya kazi, kupumzika na kusafiri. Walikuwa na sababu: moshi wa viwanda ulikuwa unaua. Lakini fundi cherehani hatoi moshi, wala kinyozi, wala shule ya awali, na bado kanuni nyingi zinawafukuza kwenye maeneo ya makazi kana kwamba wanayeyusha chuma. Ongeza masharti ya maegesho. Nafasi moja ya gari, pamoja na njia ya kuingilia, hula meta za mraba 25 hivi, ukubwa wa chumba cha duka, na anayetaka kufungua duka dogo huambiwa atenge kadhaa. Jiji la Buffalo huko Marekani liliyafuta masharti hayo mwaka 2017, na mwaka huo huo Jiji la Mexico liligeuza kima cha chini cha maegesho kuwa kima cha juu. Kalamu ya kufanya hivyo kwetu iko mikononi mwako, na wino wake haugharimu kama lami.

Jambo la kodi za nyumba nalo usiliache kwa soko peke yake. Mtaa ukitulia, ukapata njia nzuri na huduma, pango hupanda, na wa kwanza kufungasha ni mpangaji aliyesubiri huduma hizo miaka yote. Wataalamu wako wa makazi wakae kikao kimoja na wa barabara, wasiletewe taarifa baadaye.

Ninachoomba kwa vitendo hakihitaji bajeti kubwa. Tuma watu wapime kwa kutembea: kila kata, nyumba chache zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, kutoka mlangoni hadi shule, zahanati, soko na kituo cha basi. Wawepo mzee mwenye mkongojo, mama mwenye kitoto mgongoni, mtumiaji wa kiti cha magurudumu. Wapime mchana na wapime usiku, kwa sababu kuna njia zinazopitika saa nne asubuhi ambazo mwanamke hazikanyagi saa mbili usiku. Waandike dakika, na waandike mahali walipokwama na sababu. Wasiruhusiwe kuandika "karibu" bila namba.

Kisha daftari hilo libandikwe kwenye ofisi za kata wiki kadhaa kabla ya mikutano ya kupokea maoni, ili watu waje wakibishana kuhusu geti fulani na daraja fulani.

Wako,
Mwananchi anayetembea kwa miguu