Ijumaa ya mwisho wa mwezi hutupati ofisini, na sababu ni hii

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi kuna mteja anayepanda ngazi za ofisi yetu ya uwakili na kukuta mlango umefungwa. Wengine hupiga simu kwa hasira, na wana haki, maana nauli ya kutoka Ahero au Maseno hadi Kisumu mjini si ya kuchezea. Tumeona heri tueleze tunakokuwa, kwa sababu huenda nawe unamjua mtu anayetuhitaji huko kuliko ofisini.

Asubuhi huwa tuko Kodiaga, gerezani. Aliyehukumiwa na hakimu katika kesi ya jinai ana siku 14 tu za kukata rufaa Mahakama Kuu. Siku hizo huanza kuhesabika hukumu inaposomwa, wakati mwenyewe bado kichwa kinamzunguka na jamaa zake hawajajua amepelekwa wapi. Wengi tunaokutana nao zimewapita kitambo. Mahakama inaweza kumwongezea mtu muda akiwa na sababu ya kutosha, ila sharti aombe, na ombi hilo ndilo tunaloandika naye, mara nyingi karatasi ikiwa juu ya goti. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, inasema mshtakiwa awekewe wakili na serikali iwapo bila hivyo atadhulumiwa pakubwa. Katika kesi za mauaji mahakama humteulia wakili na serikali ikalipa. Kwa mashtaka mengine, maskini kwa kawaida husimama kizimbani peke yake. Pengo hilo mawakili wa hapa hulijaza kwa kugawana zamu. Atakayekuambia wakili anayejitolea hana kazi hajawahi kuona foleni ya Kodiaga.

Mchana tunaketi na yeyote mwenye swali, bila malipo. Ni kazi ileile inayofanywa katika Wiki ya Uhamasisho wa Sheria, ambayo Chama cha Wanasheria cha Kenya huandaa kila mwaka, mawakili wakitoa ushauri bure kwenye viwanja vya mahakama. Sisi tumeona wiki moja haitoshi.

Kinachotuuma ni kwamba wengi wanaokuja wameshalipa mtu mwingine.

Mama mmoja wa Seme ameturuhusu tusimulie yake bila kutaja jina. Alifika na mfuko wa nailoni uliokunjwa mara tatu. Ndani mlikuwa na cheti cha kifo cha mumewe, barua ya chifu, hati miliki ya shamba bado kwa jina la marehemu, na hati ya kiapo aliyoandikiwa na kijana mmoja nje ya lango la mahakama, akatozwa pesa za kuku wake wote. Niliisoma mara mbili. Muhuri ulikuwepo, lakini hapakuandikwa mahali wala tarehe ya kuapa, na sheria inataka vyote viwili. Jina lake lilikosa herufi moja iliyo kwenye kitambulisho. Halafu watoto: wavulana watatu walikuwa wameorodheshwa, basi.

“Mama, huna binti?”

“Ninao wawili, wakili. Lakini hao walishaolewa, mwanangu.”

Nikamweleza polepole. Sheria ya Urithi haitofautishi mwana na binti, na ndoa haimwondoi mtoto kwenye mali ya babake. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ililithibitisha hilo katika kesi ya Rono dhidi ya Rono. Ukiwaficha mabinti, hata ukipewa barua za usimamizi wa mirathi, yaani hati za mahakama za kukuruhusu kusimamia mali ya marehemu, zinaweza kufutwa baadaye, ada na miaka yote ikapotea. Alinyamaza kwa muda, akiufunga na kuufungua ule mfuko. Kisha akataja majina mawili, la mkubwa kwanza, akanitazama hadi nilipomaliza kuandika.

Kijana wa langoni hakumwambia hata moja kati ya hayo. Wala hakumwambia kwamba kuuza au kugawa shamba la marehemu kabla ya mahakama kumteua msimamizi ni kosa linaloweza kukupeleka jela hadi mwaka mmoja. Mwana wa kwanza wa mama huyo alikuwa tayari ameanza kutafuta mnunuzi wa kipande cha shamba. Tumeshukuru kwamba hakumpata mapema.

Kwa hiyo kabla hujampa mtu pesa ya kazi ya kisheria, muulize kama ana leseni ya uwakili ya mwaka huu. Leseni hiyo hutolewa upya kila mwaka, na kwenye tovuti ya Chama cha Wanasheria unaweza kutafuta jina lake mwenyewe kwa simu. Wakili halali hatakasirika ukimuuliza. Atakupa risiti pia, na pesa zako za kesi ataziweka kwenye akaunti ya wateja, mbali na zake. Akikukosea, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Ni haki yako kuiendea, hata ikiwa aliyekukosea ni sisi.

Kuna kazi pia ambazo hazihitaji utulipe. Ukidai deni lisilozidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo inakuruhusu ujisimamie, na inatakiwa kuamua kesi ndani ya siku 60. Fundi asiyelipwa au mfanyabiashara wa soko la Kibuye aliyekopwa bidhaa anaweza kwenda mwenyewe. Tutakuonyesha fomu, utajaza, uende.

Mirathi nayo haina njia ya mkato. Notisi lazima ichapishwe katika gazeti rasmi la serikali na watu wapewe siku 30 za kupinga, kisha kwa kawaida miezi 6 ipite tangu msimamizi ateuliwe ndipo mgao uthibitishwe. Anayekuahidi wiki mbili anakuongopea. Tunacholipisha sisi kinafuata viwango vya ada za mawakili vilivyowekwa kisheria. Tutakutajia jumla kabla hatujaanza, na ada ya mahakama tutaitenga kando ili uione.

Ukija Ijumaa hiyo, beba karatasi za asili, hata zilizochanika, pamoja na majina ya watoto wote wa marehemu. Tupigie siku moja kabla tukuambie tutakaa wapi.

Notisi ya mama wa Seme imeshachapishwa, na siku 30 zinahesabiwa. Mabinti wote wawili walikuja kutia sahihi ya ridhaa, yule mkubwa akiwa na mtoto mgongoni, na kaka yao wa kwanza ndiye aliyewalipia nauli.