Asante, mama wa Kano uliyenipokonya kijiti

Mama, jina lako silitaji kwa kuwa wewe mwenyewe hupendi kutajwa-tajwa. Ila asante hii nimekaa nayo muda mrefu, na leo naitoa mbele za watu.

Tulifika kijijini kwenu, uwanda wa Kano karibu na Kisumu, Kenya, wanafunzi sita wa udaktari na madodoso yetu. Malaria, malaria, malaria. Ndiyo tuliyokuja kuuliza. Watu walitujibu kwa adabu, basi. Siku ya tatu, nikichora ramani ya kijiji chini ya mwembe, ulinipokonya kijiti ukampa bibi mmoja mzee. Ukaniambia, “Daktari, keti uone.” Akachora mto Nyando kwa majivu, akapanga visoda kuwa nyumba, na njia ya zahanati akaitandika kwa mabua. Kisha ukawatenga kina mama na wanaume, kila kundi likaweka maharagwe penye shida kubwa. Wanaume waliweka kwenye malaria. Kina mama waliyarundika pale njia inapokatika mto ukifurika, maana hapo ndipo mja mzito hukwama usiku, uchungu umeshamshika. Madodoso yetu hayakuwa na swali hilo.

Azimio la Alma-Ata la 1978, lile la kimataifa kuhusu afya ya msingi, nilikuwa nimelikariri kwa mtihani: wananchi wana haki na wajibu wa kushiriki kupanga huduma zao za afya. Maana yake ulinionyesha wewe, pale mavumbini.

Sasa nami nawaongoza wanafunzi vijijini, na kijiti wanakitoa siku ya kwanza. Erokamano, mama.