Wacheza vifaru, lengeni ubavu

Ndugu Mhariri,

Vijana wengi wanaocheza michezo ya vifaru vya vita kwenye vibanda vya kompyuta hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, wanamalizia makombora kwenye uso wa Panther, kisha wanalaumu intaneti. Tatizo ni shabaha. Bamba la mbele la juu la kifaru hicho cha Kijerumani lina unene wa milimita 80, lakini limelazwa nyuzi 55 kutoka wima, hivyo kombora linalokwenda mlalo linakutana na chuma cha karibu milimita 140. Kombora dhaifu huteleza hapo kama jiwe bapa juu ya maji ya ziwa.

Zungukeni ubavuni. Huko deraya, yaani chuma cha kinga, ni milimita 40 hadi 50 tu, na nyuma ya bamba lililo juu ya minyororo ndiko makombora yake yamepangwa. Tumieni kombora la kutoboa lenye baruti ndani, lipenye kwanza ndipo lilipuke.

Mkibanwa uso kwa uso, lengeni nusu ya chini ya ngao ya mviringo iliyoshika mzinga. Kombora huweza kugeuzwa chini na kutoboa paa jembamba juu ya dereva. Kwa mbali msijaribu, shabaha ni ndogo mno. Afadhali mpige gurudumu la mbele lenye meno, mnyororo ukatike, mwenzenu amalizie ubavuni.

Wenye vibanda, tunawaomba muwape wanaoanza nafasi ya kukagua picha za deraya kabla saa ya malipo haijaanza kuhesabiwa.

Wachezaji wa vifaru,
Kirumba, Mwanza