Barua kwa meneja: niliuliza kama gumbo (mchuzi mzito wa Louisiana) ina nguruwe nikaambiwa haina

Kwa Meneja Mkuu,
Houston, Texas.

YAH: NGURUWE KWENYE GUMBO, KROFISHI (KAMBA WA MAJI BARIDI) WASIO NA LADHA NA TIPU ILIYOKATWA MARA MBILI

Habari za kazi kaka,

Naandika Kiswahili kwa sababu yule kijana wenu wa kaunta ya baa aliposikia sisi tunavyoongea pale mezani alitufuata akasema bosi wao mkuu huwa anaongea hivyo hivyo kwenye simu, akatuandikia na email yako nyuma ya risiti. Nikasema afadhali. Maana kwa Kiingereza nilishaongea usiku ule mpaka nikachoka na nilichoambulia ni sori nyingi tu, hakuna mtu aliyenijibu nilichouliza. Kijana mwenyewe mstaarabu sana, naomba asipate matatizo kwa hili.

Tulikuja Jumamosi jioni, mwezi wa 4, watu 8, na mgeni wetu alikuwa mama yangu mzazi katoka Tanga kuja kutusalimia. Mdogo wangu ndio aliyependekeza tumlete kwenu, kwenye mgahawa wa vyakula vya Louisiana, alisema mama amechoka kula pilau ya kwetu kila siku kama vile hajasafiri, aonje na vya huku. Sawa. Nilipiga simu mapema nikaomba meza mbali na baa, tukapewa meza chini ya tivii jirani kabisa na baa, hilo nikalimeza.

Sasa lililonileta ni hili. Weita alipokuja, hata maji hajaweka mezani, nikamwambia sisi hapa wengi Waislamu, hatuli nguruwe, naona mna gumbo ya kuku na soseji, hiyo soseji ni ya nyama gani? Akajibu papo hapo, ya ng'ombe. Nikamwambia una uhakika au bora ukaulize jikoni kwanza, sisi tunasubiri hatuna haraka. Akasema nna uhakika dada, mi mwenyewe naila kila zamu. Kuila na kujua ni nyama gani ni vitu viwili kaka, lakini amesema mara mbili na mdogo wangu amesikia na mkewe amesikia.

Na usije ukasema huyu mama kakurupuka hajui chakula cha Louisiana. Mi nipo Houston miaka mingi, kazini kwangu kuna dada mtu wa Opelousas, mji wa Louisiana, ndio alonifundisha kupika gumbo, unasimama na mwiko unakaanga unga kwenye mafuta huondoki hata simu ikilia, mpaka unga ufike rangi ya chokoleti ndo unatupia kitunguu, seleri na hoho, ukiungua hata kidogo unamwaga unaanza upya. Najua andouille, ile soseji ya moshi ya kule kwao, kawaida ni nguruwe, hilo halihitaji darasa, na ndio maana niliuliza mara mbili. Ila mji huu ni mkubwa, zipo sehemu wanaweka soseji ya ng'ombe au ya bata mzinga, mi kwangu naipika hivyo na yule dada wa Opelousas anakula anakomba na sahani. Kwa hiyo jibu la weita lilikuwa linawezekana kabisa, ndo nikaliamini.

Gumbo ikaja, tuliagiza bakuli 3. Mama akaangalia wali umekaa katikati, bamia zinaelea pembeni, akacheka akasema kumbe ni mchuzi wa bamia tu mlikuwa mnanitisha na majina. Akaanza kula. Na aliisifu kaka, sitaki kudanganya, alisema huyu aliyepika ana mkono.

Mi nikaenda chooni. Pale pembeni ya mlango wa choo mmetundika ubao mweusi umeandikwa kwa chaki za rangi, na kuna kanguruwe kamechorwa kamevaa kofia ya mpishi kanatabasamu, halafu chini maneno kwamba andouille yetu ni nguruwe asilimia 100 tunaikausha kwa moshi wenyewe hapa hapa. Yaani mmekichora! Mnajivunia, na mna haki ya kujivunia, lakini mtu anayezunguka mezani kuuza hicho hicho kitu hajawahi kuusoma ubao anaoupita kila akienda chooni?

Nilivyorudi mama keshafika nusu ya bakuli. Nikamshika mkono tu. Hakuuliza kitu, akaniangalia usoni akatua kijiko. Baadae akasema Mungu anajua nia zetu, na mi najua hivyo hivyo, mtu akila bila kujua hana dhambi, hilo halina ubishi na sio ninalolalamikia. Ninalolalamikia ni kwamba mama wa umri ule, hajagusa hicho kitu maisha yake yote, kaja kuguswa nacho kwenye meza niliyomkalisha mimi, baada ya kuuliza, kwa sababu mtu mmoja aliona uvivu kutembea hatua kumi na tano kwenda jikoni.

Weita nilipomuita akasema alidhani. Alidhani! Akaitwa dada msimamizi wa zamu. Huyo ndio alinichefua zaidi maana alikuja na menyu mkononi ananionyesha yale maandishi madogo chini, kwamba onyo lipo tulitakiwa kusoma. Nikaisoma pale pale mbele yake. Lile onyo linahusu chaza wabichi na watu wenye ugonjwa wa ini. Nguruwe hajatajwa popote, wala kwenye mstari wa gumbo hajatajwa, mmeandika "kuku na andouille" mkaishia hapo, sasa mgeni aliyetoka Tanga jana atajuaje?

Halafu ili kutupoza wakatuletea puding ya mkate ya bure. Mdogo wangu akanusa akauliza huu mchuzi wa juu una nini, wakasema wiski. Kaka. Mnatuomba radhi ya nguruwe kwa kutuletea pombe. Hapo hata mama alicheka, na mi nikacheka kwa hasira.

Kuanzia pale hakuna aliyekula kwa amani. Kila mtu akaanza kukagua sahani yake, shemeji yangu alikuwa na maharage mekundu na wali, tukauliza yamepikwa na nini, hakuna anayejua. Nami najua maharage yale kwa kawaida yanachemshwa na mguu wa nguruwe. Mama alikuwa amepangiwa kambare wa kukaanga, tukauliza mafuta ya kambare ndio hayo hayo mnayokaangia zile boli za boudin (maana boudin nayo ni nguruwe na maini), msimamizi akasema ataangalia, akaenda, hakurudi mpaka bili. Kambare akakaa pale mpaka akapoa. Tumemlipia.

Krofishi sasa. Hili ni la pili kwa uzito ila nalo niliseme. Kwenye menyu mmeandika bei ya soko bila namba, tukaagiza paundi 5, bei tukaikuta kwenye bili, dola 11.99 kwa paundi. Sibishani na bei, mwaka 2024 kila mtu hapa Houston aliona jinsi ukame wa 2023 kule Louisiana ulivyowapandisha bei, mashamba ya mpunga yanakofugwa yalikauka, tukaelewa tukakaa kimya. Lakini mwezi wa 4 ndio katikati ya msimu wao, hapo hakuna kisingizio. Walikuja vuguvugu, nyama ya mkiani imelegea kama muhogo uliolala kwenye maji, inakatikia kwenye ganda huwezi kuivuta, na pilipili yote mmeimwaga kavu juu ya ganda. Matokeo yake midomo inawaka moto na ukifika ndani nyama haina chumvi wala ladha. Krofishi anatakiwa akishachemka moto unazimwa, analowekwa kwenye yale maji ya viungo mpaka yaingie ndani, wale Wavietnamu wa Bellaire hapa hapa mjini wanafanya hivyo halafu wanamalizia na siagi na vitunguu saumu, unakula huku unajilamba. Nyie mna jina la Cajun, wale watu wa Louisiana wenye asili ya Kifaransa, mlangoni kabisa. Na humo kwenye beseni mmetupia na vipande vya soseji, ambavyo kwa wakati ule unaweza kufikiria tulivipokeaje.

Bendi ilikuwa nzuri, niseme ukweli. Yule mzee wa kodiani na kijana aliyevaa bati la kukwaruza kifuani walipiga zydeco mama akawa anatikisa kichwa kabla ya hayo yote (ingawa zydeco ni ya Wakrioli weusi wa kule, msiiandike kwenye bango kama muziki wa Cajun). Wapeni pongezi zangu.

Bili. Chakula dola 212.00, kodi 17.49, na hapo chini mmeongeza 38.16 kwa sababu tulikuwa watu zaidi ya 6, asilimia 18. Jumla 267.65. Hakuna aliyetuambia. Halafu weita analeta kitableti, kinauliza tipu 20, 22 au 25, anasimama pale pale juu ya bega la mdogo wangu, na mdogo wangu kwa kuona aibu, na kelele zilizokuwepo, akabonyeza 20. Tumekuja kusoma risiti nyumbani: hiyo 20 imepigwa juu ya jumla yote, pamoja na kodi na pamoja na ile 18 ambayo ni huduma tayari. Dola 53.53. Yaani tumelipia huduma, tukalipia kodi, halafu tukatoa tipu juu ya huduma na juu ya kodi. Kadi ikakatwa 321.18.

Mi sina ugomvi na kumlipa weita. Najua hapa Texas mtu wa tipu bosi anaruhusiwa kumlipa 2.13 kwa saa, hela ambayo haijapanda tangu 1991, nina watoto wa dada yangu wanafanya hizo kazi nawaona wanavyorudi. Ila naomba nijue ile 38.16 ilienda wapi, kwa sababu hiyo ya lazima sio tipu, IRS wenyewe, watu wa kodi wa Marekani, tangu 2014 wanaihesabu kama malipo ya huduma, mgahawa ndio unaamua inaenda kwa nani. Kama weita hakuipata basi mmempiga na yeye. Kama aliipata, kitableti kilikuja kufanya nini?

Sasa ninachotaka, na nimefikiria nikiwa nimetulia. Mturudishie dola 41.97 za bakuli 3 za gumbo na hiyo 53.53, jumla 95.50, kwenye kadi ile ile iliyolipa. Sitaki vocha, sitaki puding. Krofishi na kambare nawaachieni mpime wenyewe, mkiona vilistahili kulipiwa basi.

Lakini hela sio kubwa kuliko hili. Andikeni neno nguruwe kwenye menyu, pale pale kwenye gumbo, kwenye ule wali wa jambalaya, kwenye maharage, kwenye ule wali wenu wa maini. Chaki ya choo ipo, hamshindwi wino wa menyu. Na mtu akiuliza kitu kimewekwa nini, weita aende jikoni, akishindwa aseme sijui. Sijui ningeipokea vizuri tu, ningeagiza samaki wa kuchoma tukala tukaondoka na tungerudi. Houston imejaa watu wa aina yetu na Wapakistani na Wanigeria Waislamu na Wayahudi pia, na hata huyo wa aleji ya kamba akiuliza akajibiwa kwa kudhaniwa nyie mtaita ambulensi.

Na naomba unijibu haya kwa maandishi, wewe au mpishi mkuu, sio msimamizi wa zamu: mafuta ya kambare na ya boudin ni sufuria moja au mbili? Krofishi wanachemshwa pamoja na zile soseji au soseji zinaongezwa baadae? Wali mliouweka chini ya kambare ulikuwa mweupe wa kawaida au umepikwa na supu ya nini? Mama anaondoka mwisho wa mwezi na haya anayauliza yeye, anataka kujua alikula nini na hakula nini.

Nimeambatanisha risiti zote mbili, ya bili na ya kitableti, na picha ya ule ubao. Simu yangu ipo chini, piga jioni baada ya saa 12 za kwetu au saa 6 za huku, vyovyote utakavyohesabu, mchana huwa nipo kazini.

Ahsante,
Mteja wa meza ya chini ya tivii, Jumamosi.